Je, Kutomjua Jirani ni Udhuru?

Ndugu msomaji, tuseme mtu amekufa nyumba ya pili na yako, nawe umepata habari siku ya tatu, maiti amekwisha zikwa na watu wamekwisha tawanyika. Ukaulizwa kwa nini hukuonekana, ukajibu, "Wallahi sikujua." Jibu lako ni la kweli, wala hukuapa uongo. Ninalouliza mimi ni hili: je, jibu hilo linatosha?

Zamani swali hili lisingekuwa na maana katika miji yetu ya pwani. Mkaazi wa Malindi au Vikokotoni hapa Unguja, au wa Kibokoni kule Mombasa, hakuwa na njia ya kutojua. Nyumba zimeegemeana bega kwa bega; kikohozi cha jirani unakisikia kitandani kwako, na akikaanga papa huhitaji kuambiwa. Mtu akiugua asubuhi, adhuhuri habari imekwisha fika barazani pamoja na kahawa, na jioni wanawake wamekwisha jifunga mabuibui kwenda kumtazama. Wako waliolalamika kwamba mtaa hauna siri, na walikuwa na haki yao, maana umbeya nao ulipita katika vichochoro vile vile. Basi sitaki nifahamike kuwa nasema wazee wetu walikuwa wema kuliko sisi. Nasema wema wao ulirahisishiwa kazi. Habari ilikuja yenyewe mpaka mlangoni, na aliyetaka kuikimbia ndiye aliyepata taabu.

Leo wengi wetu tumehama. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya 2022 ikakuta 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka katika miaka kumi, na wote hao wasingeenea Mji Mkongwe wala katika mitaa ya Ng'ambo iliyokwisha jaa. Wameelekea Fuoni, Tomondo, Chukwani, Mwera, Kianga, na wengine wamevuka mpaka wa mkoa wakafika Tunguu. Yale mashamba ya minazi na mihogo, na zile eka tatu tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, yanakatwa viwanja. Mtoto anauza cha baba, mjukuu anauza cha babu. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanalijua jambo hili huko Chamazi na Chanika, na wa Mombasa wanalijua huko Kiembeni na Mtwapa.

Mimi ni mmoja wa waliohama. Nilinunua kiwanja njia ya Fuoni, nikajenga kidogo kidogo kwa muda wa miaka saba, na mwishowe nikahamia pamoja na ahali yangu. Nisikufiche raha yake. Baada ya kulala miaka mingi chumba kimoja na watoto wanne, mtu akifungua dirisha lake mwenyewe na upepo wa kaskazi ukaingia, humshukuru Mola wake kwa dhati ya moyo. Usiku ni kimya, husikii ila vyura wakati wa masika. Mpapai niliupanda kwa mkono wangu na sasa twala mapapai yake.

Lakini maisha ya huku yana namna yake. Mwenye kazi mjini huondoka kabla jua halijatoka ili awahi gari, na hurudi Isha imekwisha adhiniwa. Nyumba moja imekwisha, ya pili ni boma ambalo mkwamba umeota ndani yake, ya tatu ina mlinzi tu na mwenyewe yuko Muscat. Baraza hakuna. Wala si kwamba saruji ilikwisha. Hakuna aliyedhani atapata mtu wa kukaa naye. Na jambo lililonistaajabisha mwanzo, kisha nikalifanya mimi mwenyewe, ni kwamba huku kwetu mtu hujenga ukuta kabla ya nyumba. Marehemu mama yangu alipokuja kutuona mara ya kwanza alizunguka kiwanja kizima, akaniuliza, "Muuza kahawa hupita wapi?" Nikacheka. Nilidhani anaulizia kahawa.

Kuna na jambo la simu. Mimi nimo katika kundi la simu la mtaa wangu wa zamani. Akifa mtu Vikokotoni nitajua kabla hajafunikwa shuka, nitajua atasaliwa msikiti gani na atazikwa saa ngapi, nami nitapanda gari nende nikatoe ubani wangu. Hivyo nikajiona bado ni mtu wa watu. Kumbe nilikuwa jirani wa watu walio mbali nami maili kadhaa, na mgeni kwa mtu ambaye mwembe wake unaangusha majani uani kwangu.

Sasa nikueleze kisa chenyewe, maana bila ya kisa maneno haya yatakuwa khutba tu.

Nyuma ya nyumba yangu kuna nyumba ya zamani ya udongo na makuti, iliyokuwapo kabla yetu sisi sote wanunuzi wa viwanja. Alikuwa akikaa mzee mmoja na mkewe na mjukuu wao. Kwa muda wa mwaka na zaidi sikujua majina yao. Nilikuwa nikimwona mzee kwa mbali, tukipungiana mikono. Siku moja baada ya Alasiri nikasikia kisomo kikitoka upande wa pili wa ukuta. Nikadhani ni maulidi, nikafurahi kwamba majirani zangu ni watu wa kheri. Mtoto wangu alikwenda kuchungulia, akarudi akaniambia, "Baba, ni hitima. Yule babu amekufa tangu juzi."

Nilikwenda siku ile nikakaa mwisho wa mkeka kama mgeni. Hapo ndipo nilipoyasikia yote. Mzee alikuwa na pumu. Ilimbana saa nane za usiku. Gari katika upande ule wa kijiji lilikuwa moja tu, nalo ni langu. Mjukuu na vijana wawili walimkalisha kwenye kiti wakambeba kwenda barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali, na alifariki alfajiri.

Na hapa pana kitu kinachoniuma zaidi kuliko hilo la gari. Zamani, kutoka nyumba ile mpaka barabarani, palikuwa na njia ya miguu iliyokata moja kwa moja, na njia hiyo ilipita katikati ya kiwanja changu. Watu wakiipita kwenda msikitini na watoto kwenda chuoni. Fundi alipokuwa akichimba msingi wa ukuta aliniambia, "Mzee, hapa pana njia, watu wanapita." Nami nikamjibu, "Watazunguka. Kiwanja kina karatasi yake." Basi usiku ule walizunguka. Walimbeba mzee anayetafuta pumzi, wakaufuata ukuta wangu wote mpaka kona, wakapita mbele ya lango langu, na taa ya lango ilikuwa inawaka.

Sijui kama dakika zile zingemwongezea chochote. Umri wa mtu uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na aliyefika siku yake amefika. Lakini kadari si pazia la kujifichia. Mimi sikuulizwa juu ya umri wa mzee. Nimeulizwa juu ya ukuta.

Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu nikamweleza, nikamwuliza kama nina dhambi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba hesabu ya Akhera si kazi yake, akaniuliza kama nimekwisha kwenda kwa mjane kuzungumza naye. Nikasema bado, nimekaa hitimani tu upande wa wanaume. Akasema, "Sasa kwangu umekuja kufanya nini?"

Ndugu msomaji, nilirudi nyumbani nikafungua vitabu, kama afanyavyo mtu anayetafuta pa kutokea. Na mlango wa kutokea nikauona, nao ni huu. Sote twaijua ile hadithi kwamba hana imani kamili yule anayelala ameshiba na hali jirani yake ubavuni pake ana njaa. Katika mapokezi ya Anas bin Malik (R.A.) aliyoyatoa Attabarani mna nyongeza ndogo: kwamba mtu huyo ajua habari ya njaa ile. Nikajiambia, basi alhamdulillahi, lawama ni kwa anayejua, na mimi sikujua. Nililala usingizi mzuri usiku mmoja.

Usiku wa pili usingizi ulipotea, maana nilikumbuka kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Alitoka usiku pamoja na Aslam, na huko nje ya Madina, mahali paitwapo Sirar, wakaona moto. Wakamkuta mwanamke na watoto wake wanalia kwa njaa, na sufuria motoni haina kitu cha kuliwa, ila awatulize tu mpaka walale. Mwanamke hakumjua anayesema naye. Akamshitaki Umar kwa Mwenyezi Mungu. Umar akamwuliza, vipi Umar angejua habari yenu? Angalia, hilo ndilo neno langu mimi: sikujua. Na yule mwanamke hakulikubali. Alijibu kwa maana hii, kwamba ameshika mambo yetu kisha ameghafilika nasi. Umar hakubishana naye. Alirudi mbio, akachukua unga na mafuta, akaubeba mzigo mgongoni mwake mwenyewe, na Aslam alipotaka kumpokea alimwuliza kama atambebea pia mzigo wake Siku ya Kiyama.

Mtu atasema, Umar alikuwa Khalifa, na kujua ilikuwa dhima yake. Mimi ni mwenye nyumba tu. Ni kweli. Lakini jirani naye amepewa dhima. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na kwa jirani wa mbali, pamoja na wazazi na mayatima, na katika Sahihi mbili imepokewa kwamba Jibrili (A.S.) hakuacha kumuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani mpaka akadhani atamfanya kuwa mrithi. Haikushurutishwa kwamba awe ni mtu tuliyezoeana, wala wa kabila letu, wala mwenye nyumba mfano wa zetu. Haki yake inaanza pale nyumba zinapokaribiana.

Hivyo nikafikia kutofautisha kutojua kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu aliyefichwa. Amekwenda, ameuliza, na wenyewe wamesema hawajambo kwa kuona haya. Huyo ana udhuru wake. Na kuna kutojua ambako mtu amekujenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, akakutilia lango na taa, kisha akaja kukutolea ushahidi kwamba hakuona. Anayefumba macho akajikwaa hawezi kudai haki za kipofu. Ile nyongeza ya Anas niliyoikimbilia, nadhani, inamwondolea lawama mtu wa kwanza. Huyu wa pili, wanavyuoni na waniambie. Mimi nafsi yangu haikukubali kunipa fatwa hiyo.

Najua yapo ya kunijibu, na si maneno ya kipuuzi. Dini imekataza upelelezi, katika Suratul Hujuraat, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuacha lisilomhusu. Isitoshe mke na mabinti wanataka sitara, na wezi huku wapo. Haya yote nayakubali, na ukuta wangu sikuuvunja. Lakini nyumba za Mji Mkongwe nazo zilikuwa na sitara, tena kuliko zetu: madirisha yako juu, mlango ni wa mbao nzito, na mpita njia haoni ndani. Mbele ya mlango huo huo lakini palikuwa na baraza. Mwenye nyumba alificha watu wa nyumbani kwake, mwenyewe hakujificha. Sisi tumeichukua ile sehemu ya kujificha tukaiongeza urefu, na baraza tukaiacha mjini.

Tazama pia jambo hili. Mama Aisha (R.A.) aliuliza kwamba ana majirani wawili, ampelekee yupi zawadi, akajibiwa ni yule ambaye mlango wake u karibu zaidi. Neno lililotajwa ni mlango. Huku kwetu twaweza kuwa na ukuta mmoja kati yetu, na mlango wa mwenzangu ukawa mwendo wa robo saa. Na Hasan al-Basri alipoulizwa juu ya jirani alihesabu nyumba arobaini kila upande. Nyumba arobaini za Malindi utazimaliza kabla kikombe chako cha kahawa hakijapoa. Huku arobaini zitakutoa jasho, upite mihogoni na katika maboma yasiyo watu. Basi haki haikupungua kwa kuwa tumehamia mbali. Kilichoongezeka ni mwendo wa kuifuata, nao ni wetu kuutembea.

Wala sisemi turudi mjini. Wenzetu wa ukoo wa Banu Salima walikuwa wakikaa pembezoni mwa Madina, wakataka kuhama wawe karibu na msikiti. Mtume (S.A.W.) hakupenda kingo za mji ziachwe tupu, akawaambia wabaki katika majumba yao, kwani nyayo zao za kwendea msikitini zinaandikwa. Ukingo wa mji nao una watu wake na thawabu zake. Na hiyo Ng'ambo tunayoililia leo, si ilikuwa upande wa pili wa hori, na Darajani pakaitwa hivyo kwa ajili ya daraja la kuvukia? Waliohamia kwanza Miembeni na Kikwajuni walikuta nao vibanda na minazi na watu wasiojuana. Mtaa waliufanya wenyewe kwa sahani za futari zilizokwenda magharibi na zisirudi tupu, na kwa kuzikana. Sisi tumekuta mitaa imekwisha tengenezwa, tukadhani huota kama majani.

Nilikwenda kwa mjane. Nilichelewa mpaka eda yake ikakaribia kwisha, na kuchelewa huko sina la kukutetea. Ilikuwa ni haya, na haya nyingine si katika imani. Nilikwenda na mke wangu, tukakaa ukumbini, yeye akazungumza nasi kutoka ndani, nyuma ya pazia. Nilimshikia miguu bibi yule, akapokea. Nikamwambia kwamba ningebishiwa mlango usiku ule ningetoka hata bila ya viatu. Akasema, "Najua, mwanangu. Tulisimama mlangoni kwako. Kijana alikwisha inua mkono abishe. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, akituuliza 'nani?', tutamjibu nini?"

Nimelifikiri neno lile mara nyingi. Mtu hupiga hodi kwa jina lake. Jabir (R.A.) alipobisha akasema tu "ni mimi", Mtume (S.A.W.) hakupendezewa na jibu hilo. Na wao wangesema nani? Jina la mzee nililijulia hitimani.

Nilimwomba radhi juu ya njia. Akanyamaza mpaka mke wangu akaniangalia. Kisha akasema, "Njia ilikuwapo tangu baba yake." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe, alitwambia tunywe chai.

Wiki ile nilimwita fundi yule yule. Alitoboa ukuta wa nyuma akatia mlango wa mbao, na upande wa barabarani akatia mwingine mkabala wake, na kati ya milango miwili nimeacha ujia upana wa watu wawili na jeneza, kando yake nikapandisha ukuta mfupi kwa sitara ya nyumba. Milango hiyo haina kufuli, ina komeo tu. Mke wangu alihofu wezi, na hofu yake bado ipo. Mbuzi wameingia mara mbili wakamaliza mchicha. Jirani yangu wa kulia, mwenye hati nzuri kuliko yangu, ameniambia kwamba nimeshusha thamani ya kiwanja, na huenda kweli.

Watoto wa chuoni ndio walioanza kupita, asubuhi kabla ya jua kali, misahafu vifuani. Kisha wakapita wazee wawili kwenda kusali Alfajiri. Wakinisikia natawadha hunitolea salamu kwa majina yao, nami huitikia. Mjukuu wa marehemu hupita na baiskeli. Bibi mwenyewe, eda yake imekwisha muda sasa, na huenda barabarani kila Ijumaa kupanda gari la mjini. Bado huzunguka ukuta.